Kabla ya Dawa Kali, Chupa ya Maabara

Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, wakiongozwa na James Collins, walichapisha kazi iliyovuta macho ya wengi. Walitumia akili mnemba kubuni molekuli ambazo hazikuwa zimewahi kutengenezwa na mtu yeyote. Kompyuta ilitoa mamilioni ya mapendekezo, yakachujwa hatua kwa hatua mpaka yakabaki machache yaliyoweza kutengenezwa kweli maabara, na mojawapo likaondoa maambukizi ya ngozi kwa panya waliopandikizwa stafilokokasi sugu, bakteria asiyeisikia dawa ya methisilini, anayejulikana zaidi kwa kifupi chake cha MRSA. Habari hiyo ilipozunguka kutoka simu hadi simu, neno "panya" liliachwa njiani. Waliobaki nayo waliielewa kwamba kompyuta imekwisha kupata dawa ya bakteria sugu, na kwamba kazi iliyobaki ni kusubiri ifike dukani.

Hoja yangu ni kwamba habari za namna hii tunazipokea kinyumenyume. Ugunduzi wenyewe ni wa kweli na unastahili heshima. Hata hivyo, maendeleo yaliyobadilisha tiba ya stafilokokasi kwa wagonjwa halisi katika miaka ya karibuni hayakutokana zaidi na molekuli mpya, bali yametokana na majaribio ya subira yaliyouliza maswali yanayoonekana madogo: kati ya dawa za zamani ipi itumike, ipitie mdomoni au mshipani, kwa siku ngapi, na usaha utolewe lini. Majibu ya maswali hayo yako tayari, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Lakini karibu yote yanadai jambo moja ambalo hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina, nalo ni maabara inayoweza kuotesha damu au usaha, yaani kuwakuza bakteria waliomo mpaka watambulike, na kumwambia daktari ni bakteria gani anayepambana naye. Tukiendelea kuitazama dawa ijayo kana kwamba ndiyo mlango pekee, tutakuwa tumeupa mgongo mlango ulio wazi.

Bakteria mwenyewe si mgeni kwetu. Daktari mpasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, ndiye aliyeuchunguza usaha wa majipu kwa darubini mwaka 1880 na kuona vijidudu vya mviringo vimeshikana kama kishada cha zabibu; jina alilompa bakteria huyo lilitokana na neno la Kigiriki la kishada hicho. Miaka michache baadaye Mjerumani Rosenbach alimwongezea sifa ya dhahabu kwa sababu ya rangi yake anapooteshwa. Takriban watu watatu kati ya kumi wanaishi naye puani bila kuugua. Anayeishi puani kwa amani ndiye huyo huyo anayeleta jipu, anayeingia kwenye kidonda cha upasuaji, anayekaa ndani ya mfupa wa mtoto, na anayeweza kupita kwenye damu akafika kwenye vali za moyo. Akishaingia kwenye damu, hata katika hospitali zenye kila kifaa, kati ya wagonjwa mia hufa ishirini hadi thelathini. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulimhusisha na vifo zaidi ya milioni moja katika mwaka 2019 peke yake, na ukaonyesha kwamba katika nchi 135 hakuna bakteria mwingine aliyehusika na vifo vingi kumzidi. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya stafilokokasi hatuzungumzi juu ya chunusi iliyokomaa tu.

Historia ya dawa zake inatakiwa ikumbukwe na kila anayesubiri dawa ya mwisho. Penisilini yenyewe iligunduliwa mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, pale Alexander Fleming alipoona kuvu imewaua stafilokokasi kwenye sahani yake ya kuoteshea. Mwaka 1941 polisi wa Oxford, Albert Alexander, alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo kwa maambukizi mazito. Alipata nafuu ya ajabu, dawa ikaisha, ugonjwa ukarudi, akafa. Katika miaka hiyo hiyo ya arobaini wakaanza kuonekana stafilokokasi wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini, na baada ya muda mfupi wakawa ndio wengi hospitalini. Ikatafutwa methisilini, ikaingia sokoni mwishoni mwa miaka ya hamsini, na mwaka 1961 mtafiti wa Uingereza Patricia Jevons akaripoti bakteria wasioisikia. Ikabaki vankomaisini, ambayo ilikuwepo tangu 1958. Mwaka 2002 jimbo la Michigan likathibitisha mgonjwa wa kwanza mwenye stafilokokasi aliyeishinda kabisa. Kuna jambo jingine la kustaajabisha zaidi: mwaka 2022 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba aina mojawapo ya MRSA ilizaliwa kwenye ngozi ya kalunguyeye wa Ulaya miaka ya elfu moja mia nane, zamani kabla ya binadamu kumeza kidonge chochote cha antibayotiki. Juu ya ngozi ya kalunguyeye huota kuvu inayotoa kemikali za jamii ya penisilini, na bakteria aliyeishi naye ilimbidi ajifunze kustahimili. Usugu, basi, haukuletwa duniani na duka la dawa. Ulikuwepo, sisi tuliufungulia njia na kuupa nafasi ya kutawala. Dawa yoyote mpya, iwe imebuniwa na mtu au na kompyuta, itaingia katika mchezo huo huo wa zamani.

Wanaotetea utafutaji wa dawa mpya wana hoja nzito, nami siipuuzi. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba vifo vinavyotokana moja kwa moja na usugu wa MRSA vilipanda kutoka takriban 57,200 mwaka 1990 hadi 130,000 mwaka 2021, ongezeko kubwa kuliko la karibu jozi yoyote nyingine ya bakteria na dawa. Linezolidi ya mwaka 2000 na daptomaisini ya mwaka 2003 zimeokoa watu ambao vankomaisini ilikuwa imewashindwa. Mwezi Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha seftobiproli kwa maambukizi ya stafilokokasi kwenye damu, baada ya jaribio lililoonyesha kwamba haikuwa nyuma ya daptomaisini. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kazi hiyo isifanyike. Tena ipo sababu ya kuihurumia: kampuni inayoleta antibayotiki mpya huambiwa iihifadhi kwa wagonjwa wachache tu ili usugu usizuke mapema, na dawa isiyouzwa hailipi gharama zake. Soko la kawaida haliwezi kubeba mzigo huo bila mkono wa serikali. Swali langu ni jingine: hatua zilizopo kati ya panya wa maabara na mgonjwa wa wodini ni ngapi, na wangapi wameanguka humo?

Wameanguka wengi. Chanjo ya kampuni ya Merck iliyojulikana kama V710 iliwalinda wanyama wa maabara, ikaonekana kuamsha kinga ya binadamu vizuri, kisha ikapelekwa kwa wagonjwa wapatao 8,000 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa kifua. Jaribio lilisitishwa mwaka 2011. Chanjo haikuzuia maambukizi, na jambo la kutisha zaidi ni kwamba miongoni mwa wale waliopata stafilokokasi, waliochanjwa walikufa kwa kiwango cha takriban mara tano ya wale wasiochanjwa. Chanjo ya Pfizer kwa wagonjwa wa upasuaji wa uti wa mgongo nayo ilisitishwa mwishoni mwa 2018 kwa kuwa ilidhihirika haitafaulu. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya sababu, lakini mojawapo inaeleweka kirahisi: panya wa maabara hakuzoeana na stafilokokasi wa binadamu, ilhali sisi tumekutana naye tangu utotoni, miili yetu imejaa kingamwili dhidi yake, na bado anatuuguza. Kilichompa panya ushindi huenda sisi tunacho tayari na hakitusaidii. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa eksebakasi, kimeng'enya kilichotolewa kwa virusi wanaokula bakteria, chenye uwezo wa kupasua ukuta wa stafilokokasi kwa dakika chache. Katika jaribio la awali la wagonjwa zaidi ya mia moja kilionekana kuwasaidia hasa wenye MRSA. Jaribio kubwa lililofuata likasimamishwa mwezi Julai 2022 kwa kukosa matumaini, na kampuni iliyokuwa ikikitengeneza ikafilisika mwaka uliofuata. Watu waliokiamini hawakuwa wajinga. Ndivyo sayansi ya binadamu ilivyo ngumu, na kwa sababu hiyo mtu anayesoma habari ya panya hana budi kuisoma kama mwanzo wa safari ndefu.

Virusi hao wenyewe, bakteriofaji, wana mashabiki wengi siku hizi, na hoja yao nayo ina mizizi. Frederick Twort aliona dalili zao mwaka 1915, Félix d'Hérelle akawaeleza mwaka 1917, na mwaka 1921 madaktari wawili wa Leuven, Ubelgiji, wakawatumia kutibu majipu ya stafilokokasi. Taasisi ya Eliava mjini Tbilisi, Georgia, imekuwa ikiwaandaa kama dawa tangu 1923. Mwaka 2020 madaktari wa Sydney waliripoti wagonjwa 13 wenye maambukizi mazito ya stafilokokasi waliodungwa bakteriofaji mshipani pamoja na antibayotiki, na hawakupata madhara makubwa. Nayaona matumaini hapo, hasa kwa maambukizi yaliyong'ang'ania kwenye vyuma vya mifupa na vali bandia. Hata hivyo, ni lazima tukumbuke jinsi tiba hii inavyofanya kazi: kila bakteriofaji huchagua bakteria wake, kwa hiyo kabla ya kumdunga mgonjwa ni lazima bakteria wake aoteshwe, ajulikane, kisha ajaribiwe na bakteriofaji mmoja baada ya mwingine mpaka apatikane anayemmudu. Tiba inayosifiwa kama njia ya kuukwepa usugu inaitegemea maabara kuliko hata antibayotiki. Anayeinadi kwa nchi isiyo na uwezo wa kuotesha damu anaanzia juu ya paa.

Sasa tuutazame upande ambao haukuvuma. Mwaka 2019 jaribio la Uingereza liitwalo OVIVA lilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ugonjwa ambao stafilokokasi ndiye kiongozi wake. Kwa miongo mingi wagonjwa hao walilazwa wiki sita wakiwekewa dawa mshipani, kwa imani kwamba vidonge haviwezi kuufikia mfupa. Nusu walipewa mshipani kama desturi, nusu wakapewa vidonge vilivyochaguliwa kwa uangalifu. Tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya kundi la kwanza na asilimia 13.2 ya kundi la pili. Fikiria maana yake kwa mkulima wa Rukwa au mvuvi wa Kilwa mwenye mtoto anayeoza mfupa wa mguu: wiki sita za kulala wodini, ndugu wa kumpikia, nauli, shamba lililoachwa, zinaweza kuwa siku chache za hospitali na vidonge vya kwenda navyo nyumbani, mradi tu bakteria ajulikane ili kidonge kilingane naye. Mwaka 2025 jaribio jingine la Marekani na Kanada lilionyesha kwamba kwa wagonjwa 200 ambao damu yao ilikwisha kusafika, sindano mbili za dalbavansini zilizopishana wiki moja hazikuwa duni kuliko wiki kadhaa za dawa ya kila siku. Jaribio la SNAP, linaloendeshwa kwa pamoja katika nchi kadhaa, limetangaza mwaka huo huo kwamba sefazolini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, haikupungua kitu mbele ya flukloksasilini, dawa ya jamii ya kloksasilini, na iliumiza figo kwa wagonjwa wachache zaidi. Na kwa wale stafilokokasi ambao bado wanaisikia penisilini, penisilini ile ile ya Fleming ilifaa. Ni jambo la kusisimua kwangu kwamba miaka zaidi ya themanini baada ya yule polisi wa Oxford, wapo wagonjwa ambao dawa bora kwao ni ile iliyoisha siku zile. Lakini nani atathubutu kuitumia bila karatasi ya maabara inayosema bakteria huyu anaisikia?

Kabla ya dawa yoyote kuna usaha, na hapa lugha yetu imetangulia hospitali nyingi. Kiswahili kinasema jipu hutumbuliwa, wala hakisemi jipu humezewa dawa. Usaha uliofungiwa hauna mishipa ya damu ya kuifikisha dawa, na bakteria waliomo ndani wamelala nusu, hawajigawi kwa kasi, hivyo antibayotiki nyingi haziwashiki. Majaribio mawili makubwa ya Marekani, ya mwaka 2016 na 2017, yaliwapa watu waliopasuliwa majipu ama antibayotiki ama vidonge visivyo na dawa. Katika yote mawili takriban watu saba kati ya kumi wa kundi lisilo na dawa walipona kwa kupasuliwa tu, na dawa ikaongeza waliopona hadi wanane au zaidi kidogo. Dawa ina faida, lakini kisu ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya kazi. Ukitaka mfano wa mbali zaidi na ngozi, ni usaha wa ndani ya misuli, ambao wengi Tanzania huuita tambazi, na ambao katika nchi za joto husababishwa na stafilokokasi kwa wagonjwa walio wengi. Paja linavimba na kuwa gumu kama ubao, mtoki unatokeza kwenye kinena, homa inapanda, lakini juu ya ngozi hakuna kichwa cha jipu cha kukitazama. Ndugu yangu mmoja alipata hali hiyo miaka kadhaa iliyopita. Alimeza kapsuli za rangi mbili za duka la dawa kwa siku kumi, akaongezewa nyingine zilizosemekana kuwa kali zaidi, na alipofikishwa hospitali hatimaye kulitoka usaha wa kujaza bakuli. Hakuna kidonge duniani ambacho kingeweza kuufanya usaha ule uyeyuke.

Hapo ndipo ninapoikuta hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayotawala: kwamba mgonjwa asiyepona anahitaji dawa kali zaidi, na kwamba kwa kuwa maabara hakuna, busara ni kuanza na ile kali kabisa. Mgonjwa huiamini, muuzaji huiamini, na hata baadhi ya madaktari waliochoka huiegemea. Anayekumbuka sindano za masaa anazikumbuka kama tiba ya zamani ya watu maskini. Siku hizi kinachoheshimika ni sindano moja ya kutwa yenye jina refu. Lakini antibayotiki hazipangwi kwenye ngazi ya ukali kama pilipili. Kila moja ni ufunguo wa kufuli lake. Vankomaisini, ambayo wengi wangeiita kali kuliko kloksasilini, inamuua stafilokokasi wa kawaida polepole zaidi, na wagonjwa wenye bakteria asiye sugu waliotibiwa kwayo wamekuwa wakifa zaidi kuliko waliopewa dawa za jamii ya kloksasilini. Kuchanganya dawa nako hakujawa mkombozi. Jaribio la ARREST la Uingereza liliongeza rifampisini kwa tiba ya watu wazima 758 wenye stafilokokasi kwenye damu, na kwa ujumla haikuwaletea faida. Jaribio la CAMERA2, lililochapishwa mwaka 2020, liliongeza dawa ya jamii ya penisilini juu ya vankomaisini kwa wenye MRSA, likalazimika kusitishwa kwa sababu figo za wagonjwa zilikuwa zikiharibika. Kinachowapunguzia wagonjwa kifo kinajulikana na hakina jina la kuvutia: damu kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza na kuoteshwa tena mpaka isafike, moyo kutazamwa kwa kipimo cha picha, mpira wa mshipani ulioambukizwa kutolewa, dawa iliyolengwa kwa siku zisizopungua kumi na nne, na kuwepo kwa daktari aliyebobea katika magonjwa ya kuambukiza.

Wapo watakaonijibu kwamba hayo ni maisha ya London na Melbourne, na kwamba daktari wa wilaya mwenye mtoto anayetetemeka mbele yake hawezi kungoja siku tatu za kuotesha. Jibu hilo ni la haki kwa nusu yake. Hakuna anayesema mtoto angoje. Dawa ya kwanza hutolewa kwa kukisia, mara moja, popote duniani. Chupa ya damu huchukuliwa kabla ya dozi hiyo ili siku ya tatu kuwe na sababu ya kubadili, kupunguza au kuendelea. Tatizo letu ni kwamba siku ya tatu haifiki na kitu chochote mkononi. Utafiti uliofanyika katika nchi 14 za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, ulikuta kwamba katika maabara za tiba zipatazo 50,000 ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Asilimia moja na nukta tatu! Katika hali hiyo hata kujua ni kiasi gani cha MRSA tulicho nacho ni taabu, kwa sababu tafiti hutoka kwenye hospitali kubwa chache ambako wagonjwa hufika wakiwa wameshameza kila kitu, na viwango vyake hupishana sana kati ya jiji na jiji. Tunaandika miongozo ya dawa kwa kutazama kupitia tundu la ufunguo.

Yapo mambo yaliyo karibu kuliko tunavyodhani. Mashine za GeneXpert zilisambazwa katika hospitali zetu kwa ajili ya kifua kikuu, na wakati wa UVIKO-19 zikageuzwa kupima virusi vya korona bila kununuliwa upya. Kampuni inayozitengeneza ina katriji inayomtambua stafilokokasi na kueleza, kwa takriban saa moja, kama ni MRSA au la, ama kutoka kwenye kidonda ama kutoka kwenye chupa ya damu iliyokwisha kuotesha. Bei ya katriji ni kikwazo cha kweli, na haiondoi haja ya kuotesha, lakini bei za katriji za kifua kikuu zilishuka kwa sababu nchi na wafadhili walikaa mezani wakazijadili. Sijaona sababu ya mazungumzo hayo kushindikana kwa bakteria anayeua watu wengi kiasi hiki. Mwezi Septemba 2024 viongozi wa dunia walikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za kundi la msingi, ambamo zimo kloksasilini na sefazolini. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa kuwahimiza watu wamalize dozi. Daktari ataiacha dawa nzito na kurudi kwenye ya msingi pale tu atakapokuwa na jibu la maabara linalompa ujasiri.

Kuna pia njia ambayo haimtibu mgonjwa kabisa, nayo ni kumzuia bakteria kabla hajavuka ngozi. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kwa zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi wenye stafilokokasi kwenye damu, bakteria alikuwa yule yule aliyeishi puani mwao. Uingereza ilipoamua mwaka 2004 kwamba hospitali zipunguze MRSA ya damu kwa nusu, ilitumia unawaji wa mikono, uangalizi wa mipira ya mshipani, upimaji wa wanaolazwa na kuzifanya takwimu za kila hospitali kuwa wazi. Kutoka visa zaidi ya 7,000 kwa mwaka ilishuka hadi chini ya 1,000 ndani ya mwongo mmoja. Na nchini Thailand, jaribio lililochapishwa mwaka 2023 liliwapa watu bakteria rafiki, basilasi subtilisi, wameze kila siku kwa mwezi mmoja: stafilokokasi katika choo walipungua kwa zaidi ya asilimia 96 na puani kwa asilimia 65, bila kuwaangamiza vijidudu wengine wa tumboni kama antibayotiki zifanyavyo. Jaribio lilikuwa dogo, la watu 115, na bado haijaonyeshwa kwamba wataugua kidogo zaidi. Lakini katika tiba zote mpya nilizozitaja, hii ndiyo ninayoitazama kwa hamu kubwa zaidi, kwa kuwa haidai mshipa, haidai friji ya gharama, na ilijaribiwa kwa watu wa kawaida wa nchi ya joto.

Bajeti za afya zinapojadiliwa, maabara ya bakteria huwa haina mtetezi. Wodi ina wazazi wanaolalamika, dawa ina wauzaji wanaozunguka na mikoba, jengo lina utepe wa kukatwa. Chupa za kuoteshea damu, sahani, vidonge vidogo vya kupimia usugu, umeme usiokatika wa kiotesheo na mshahara wa mtaalamu anayezisoma sahani asubuhi ya tatu, hivyo vyote hukatwa kwanza, kwa kuwa pengo lake halionekani. Mgonjwa hupewa dawa, hupona au hufa, na faili hufungwa.

Ndugu yangu alipona, ana kovu refu la paja na anatembea vizuri. Usaha uliotoka siku ile ulimwagwa. Hakuna aliyechukua hata tone moja kulipeleka maabara, kwa sababu hospitali ile haikuwa na mahali pa kulipeleka, na mpaka leo faili lake lina orodha ya antibayotiki nne na hakuna jina la bakteria.